Nani Amekwenda Kuchukua Dawa

Silvanus alikuwa akikoroga maji mekundu kwenye ndoo kwa mwiko wa ugali, na Rayhana alikuwa amesimama kando yake akijitahidi kutoyatazama.

"Ongeza rangi," Abby alimwambia Silvanus kutoka kitandani. "Jana nilivuja sharubati."

"Rangi ya keki imeisha. Ukitaka damu nyekundu zaidi, kazae Mombasa."

Abby alicheka mpaka tumbo likatikisika. Halikuwa tumbo lake. Lilikuwa tumbo la mpira la chuo cha uuguzi, alilofungwa kiunoni kwa mikanda, ndani mna mtoto wa mpira na mfuko wa maji. Ubavuni kulikuwa na kijibomba alichokishika mwenyewe chini ya shuka. Akikifungua kidogo, damu hutiririka; akikiachia chote, humwagika mpaka sakafuni. Wanafunzi walipokezana kuwa mzazi, na wiki hiyo ilikuwa zamu ya Abby.

"Mimba ya nne wiki hii," alisema, "na hakuna hata mwanamume mmoja aliyekuja nyumbani kuongea na baba."

Rayhana alijilazimisha kutabasamu. Madam Mutindi, mwalimu wao wa uzazi, alikuwa amekataza maji baridi tangu mwanzo wa muhula. Damu haitoki kwenye friji, alisema, basi kila asubuhi mtu aliwasha birika la umeme na kuyafanya maji yawe vuguvugu. Rangi Rayhana angeweza kuizoea. Ule uvuguvugu, ukipenya glavu na kufika kwenye vidole, ndio hakuweza.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na lilikuwa jaribio lake la tatu. Kila mwanafunzi alitakiwa aongoze wenzake katika zoezi moja: mama amejifungua, damu haikatiki, mna dakika chache. Asiyefaulu mara ya tatu hangeingia wodi ya wazazi Jumatatu. Angebaki kungoja darasa la nyuma, mwaka mzima. Nyumbani kwao, mtaa wa Sofia, hakuna aliyejua kwamba ameshaanguka mara mbili. Mamake, Bi Mwanaesha, alikuwa ameshampigia pasi sare ya Jumatatu na kuitundika mlangoni mwa kabati.

"Mwaingia wodi saa ngapi?" alimuuliza asubuhi hiyo.

"Saa moja na nusu, mama."

"Haya. Mungu akutangulie." Kisha, akijifanya anatafuta kitu kwenye kabati, akaongeza, "Nuha angefurahi."

Nuha alikuwa dadake mkubwa. Alikuwa mwalimu wa hesabu na mtu wa kusahau viatu: akiingia nyumba ya watu huvua ndala zake na kutoka na za mwenzake, na mara nyingi alirudi nyumbani na ya bluu mguu huu na ya kijani mguu ule, akishangaa watu wanacheka nini. Hata siku alipokwenda hospitali kujifungua alivaa hivyo. Rayhana ndiye aliyemsindikiza, kwani mume wa Nuha alikuwa safarini Taveta kununua maharagwe.

Mtoto alizaliwa salama. Wakampa Rayhana amshike, wakamwambia asimame mlangoni asiwazibie njia. Basi alisimama pale, mgongo umegusa fremu, mtoto kifuani. Ndani kulikuwa na watu wanne wazima waliovaa mavazi ya kazi. Nuha akaanza kuvuja. Mmoja wao akasema, bila kugeuka, "Leteni dawa, jamani." Wote walisikia. Wote walikuwa na kitu mkononi. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda. Dawa ilikuwa chumba cha pili, na njia ya kwenda chumba cha pili ilikuwa ni ule mlango.

Hakuna aliyepita mlangoni. Rayhana alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Alikuwa na miaka kumi na tisa na aliona dakika zikipita, na yule aliyeagiza akauliza "dawa iko wapi?", na mwingine akajibu "inakuja," na Rayhana akanyamaza. Wale walikuwa watu wazima, wamesomea kazi yao. Yeye nani awaambie?

Ilipokuja, ilikuja imechelewa.

Hakuwahi kumwambia mtu. Mamake alijua kwamba Nuha alikufa kwa kuvuja damu. Hakujua habari za mlango.

* * *

Mara ya kwanza alipoongoza zoezi, Rayhana aliganda. Alisimama kama amepigiliwa misumari mpaka Madam Mutindi akasimamisha saa. Mara ya pili alizungumza, na ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Alisema, kwa adabu aliyolelewa nayo, "Tafadhali, dawa iletwe." Silvanus akaendelea na dripu yake. Mama Kimanzi, mwanafunzi mwenzao wa makamo, akaendelea kukanda tumbo. Dawa haikuletwa na mtu.

Zoezi likiisha huwa wanakaa kwenye viti kwa duara na kuzungumza yaliyotokea. Madam Mutindi hakugomba. Aliuliza tu, "Ulimtuma nani?"

"Niliwaambia wote, Madam."

"Ndiyo. Ulimtuma nani?"

Rayhana aliomba ruhusa, akatoka, akatapika nyuma ya tangi la maji.

Tatizo lilikuwa na jina, na jina lenyewe hakuthubutu kulitaja bila heshima. Mama Kimanzi aliitwa Kavinya kwenye daftari la mahudhurio, lakini darasani hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Alikuwa amefanya kazi katika zahanati moja huko Marungu miaka kumi na tisa kabla ya kurudi chuoni kuongeza cheti, na watoto aliowapokea kwa mikono yake wengine walikaribia umri wa Abby. Miwani yake ilining'inia shingoni kwa uzi. Hakuna mtoto wa Bi Mwanaesha ambaye angemnyooshea mtu wa umri ule kidole na kumwambia: wewe, nenda, lete. Nyumbani kwao hata glasi ya maji humwombi mtu mzima. Unainuka ukaichukua mwenyewe. Kumtuma Silvanus angeweza. Kumtuma Mama Kimanzi, hapana.

Na Madam Mutindi, makusudi au bila makusudi, alimpanga Mama Kimanzi kwenye kundi la Rayhana mara zote tatu, na siku hiyo akampa kazi ya dawa.

Wakiwa wanangoja kuitwa, Mama Kimanzi alimvuta pembeni karibu na bomba la kunawia.

"Mbona unatetemeka hivyo?"

"Naogopa, Mama Kimanzi."

"Unaogopa nini? Mpira?" Alimshika kiganja na kukisugua kama anampasha moto. "Sikiliza, mwanangu. Wewe simama pale kichwani mwa kitanda, fungua mdomo useme maneno ya zoezi. Mimi najua kitu cha kufanya. Hata usiposema, mkono wangu unajua. Utapita, Jumatatu tutaenda wote."

Rayhana alihisi mzigo ukimtoka mabegani. Mama Kimanzi alijua. Rayhana angesema neno moja mawili, na yule mama angefanya. Alipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Faraja hiyo haikudumu hata mpaka mlangoni. Alikumbuka kwamba hata siku ile ya Nuha alijiambia hivyo hivyo: hawa wanajua.

* * *

Madam Mutindi alisimama ukutani na saa yake na karatasi, akasoma kwa sauti isiyo na haraka. "Mama wa miaka ishirini na minane. Uzazi wa tatu. Alipofika asubuhi presha yake ilikuwa mia moja na sitini kwa mia moja na kumi. Amejifungua sasa hivi. Rayhana ndiye kiongozi. Silvanus, mishipa na dripu. Mama Kimanzi, dawa. Anzeni."

Mtoto wa mpira alitoka. Rayhana alimpangusa, akamlaza kifuani kwa Abby. Halafu Abby, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa anataka posa, alianza kulia kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, na maji mekundu yakatokea kwenye shuka.

"Nasikia baridi," alisema Abby. "Dada, nasikia baridi."

Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Nuha alikuwa amesema maneno hayo hayo.

Chumba kilimzunguka Rayhana. Zamani kilikuwa stoo, na dirisha lake dogo lilitazama upande wa kilima cha Sagalla. Mwanga ulioingia ulikuwa mkali na mweupe, na kila kitu kilionekana kama kimechorwa. Damu ilifika ukingoni mwa kitanda na kuanza kudondoka. Ilimgusa mkono. Ilikuwa na joto.

"Sekunde thelathini," alisema Madam Mutindi.

"Silvanus," Rayhana alisema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine. "Silvanus, weka sindano mbili za dripu, moja kila mkono."

"Sindano mbili, moja kila mkono," Silvanus alirudia, kama walivyofundishwa, ili aliyetuma ajue amesikiwa.

Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshafika tumboni kwa Abby, unakanda. Mpira ulikuwa laini, maana yake kizazi kimelegea. Sasa dawa. Alimtazama Mama Kimanzi, na Mama Kimanzi akamtazama kwa upole, akaitikia kwa kichwa kidogo, kama kusema: sema tu, mwanangu.

"Mama Kimanzi." Aliendelea kukanda. "Lete oksitosini. Yuniti kumi, ya paja."

"Sawa, sawa, inakuja."

Hakulirudia agizo. Alikwenda kwenye meza ya kona, penye kisanduku cha baridi cha kuhifadhia dawa, akafungua kifuniko. Rayhana aliuona mkono ukiingia upande wa kushoto bila kusitasita na kutoka na kichupa. Miwani ilikuwa bado inaning'inia kifuani. Kichupa kikavunjwa shingo, bomba la sindano likavuta, yote haraka na kwa ustadi, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano ya cherehani gizani. Na Mama Kimanzi akarudi na bomba limejaa, sindano ikitazama juu.

"Tayari. Nidunge?"

Utaratibu ulikuwa kwamba kichupa huonyeshwa na kusomwa kwa sauti kabla dawa haijavutwa. Wote waliujua. Lakini kumwomba mtu aliyefanya kazi miaka kumi na tisa akuonyeshe kichupa mbele ya watu ni sawa na kumwambia: sikuamini. Ni kama mgeni amekuletea chakula nawe ukakinusa.

"Nidunge?" Mama Kimanzi aliuliza tena, kwa haraka zaidi. Damu ilikuwa imefika sakafuni. Silvanus aliteleza, akashika ukingo wa kitanda.

Pengine ni dawa yenyewe. Bila shaka ni dawa yenyewe. Anajua. Rayhana aliyasikia maneno hayo yakipita kichwani mwake, na akayatambua, kwa kuwa alikuwa ameyasikia akiwa amesimama kwenye fremu ya mlango na mtoto kifuani. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa ndani ya chumba kile, na hakumwogopa mtu wala kitu kingine: aliogopa kwamba atanyamaza.

"Nionyeshe kichupa," alisema.

"Kichupa gani?"

"Cha hiyo dawa."

"Mwanangu, nimeshavuta. Mama anakufa hapa."

"Mama Kimanzi, usidunge. Nionyeshe."

Silvanus aligeuka. Hata Abby alifungua jicho moja. Uso wa Mama Kimanzi ulibadilika pole pole, kwanza haukuelewa, kisha ukaelewa.

"Unanipima mimi?" alisema. "Mbele ya hawa watoto?"

Mkono wa kushoto Rayhana aliubakiza tumboni kwa Abby, unakanda. Wa kulia aliunyoosha, kiganja wazi, ukabaki hapo hewani ukidondosha maji mekundu. Haukurudi. Mwishowe Mama Kimanzi aligeuka, akachukua kichupa kilichovunjika kutoka kwenye trei, akakitua kwenye kile kiganja kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Rayhana alikigeuza penye mwanga. Alisoma mara mbili, maana mara ya kwanza hakuyaamini macho yake.

"Ergometrini," alisema.

Dawa zote mbili hukaza kizazi. Ila ergometrini hupandisha presha, na ya mama huyu ilikuwa juu tayari, mia moja na sitini kwa mia moja na kumi. Kumdunga hiyo ni kumtoa kwenye damu umpeleke kwenye mshipa unaopasuka kichwani.

"Siyo hii," Rayhana alisema. "Iweke mbali kabisa. Mama Kimanzi, chukua oksitosini, yuniti kumi. Vaa miwani. Usome kwa sauti kabla hujavuta."

Alikuwa amemwambia mtu mzima avae miwani. Alingoja paa limwangukie.

Mama Kimanzi alivaa miwani. Alikwenda kwenye kisanduku, akakaa sana akitazama ndani, na aliposoma sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Oksitosini. Yuniti kumi. Haijapitwa na muda."

"Dunga."

"Nadunga. Paja la kulia. Imeingia."

Abby alifunga kijibomba. Damu ikapungua, ikawa matone, ikakoma.

"Dakika nne na sekunde kumi," alisema Madam Mutindi.

* * *

Viti vilipangwa duara. Sakafu ilikuwa bado imelowa na Silvanus alikuwa na doa jekundu gotini. Kama kawaida, aliyeongoza ndiye huanza.

Rayhana alikuwa na fikira moja tu, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimshikilia asilie. Walimu wakati mwingine hupanga kosa makusudi, humnong'oneza mwanafunzi mmoja akosee, waone kama kiongozi atagundua.

"Madam," alisema, "ulimwambia Mama Kimanzi achukue ile?"

Madam Mutindi alikunja karatasi yake. "Hapana. Hata kile kichupa sikujua kimo ndani. Niliomba oksitosini peke yake. Kimebaki toka zoezi la darasa lingine."

Silvanus alitazama viatu vyake. Abby, ambaye alikuwa bado na tumbo, alianza kulifungua mikanda na akaacha.

Mama Kimanzi alikuwa amevua miwani na kuishika mapajani kwa mikono miwili. Rayhana alingoja akemewe. Alistahili, alidhani.

"Kule kwetu," Mama Kimanzi alisema, akizungumza na ile miwani, "ya kuzuia damu ilikaa kushoto. Miaka yote. Aliyekuwepo kabla yangu aliweka kushoto, na mimi nikaweka kushoto. Mkono ulienda wenyewe." Aliigeuza ile miwani. "Nilisikia presha ikisomwa. Nilisikia kabisa. Na ningemdunga. Na ungeniuliza, ningeapa nimefuata ulivyosema."

"Mama Kimanzi..." Abby alianza.

"Ngoja. Miwani sikuivaa kwa sababu sikutaka mnione nasoma kama anayeanza kazi leo. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine." Alimgeukia Rayhana, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyechungulia shimoni. "Huyu alikuwa wa mpira. Sasa nafikiria wale wengine. Nafanya hesabu ya wale wengine na sijui."

Huko mbali treni ya mizigo ilipiga honi ikiingia stesheni.

Rayhana hakupanga kusema. Maneno yalitoka yenyewe, kwa sauti ya chini, na ilibidi wainame kumsikia. Aliwaambia kuhusu Nuha. Aliwaambia kuhusu watu wanne, na "leteni dawa, jamani," na mlango. "Hakuna aliyepita," alisema. "Mimi nilijua. Nilisimama palepale nikajua, na sikusema."

Alitarajia mtu amwambie hakuwa na kosa. Alikuwa ameyaogopa maneno hayo miaka miwili, kwani asingeweza kuyaamini. Hakuna aliyeyasema. Mama Kimanzi aliinuka, akasogeza kiti chake mpaka miguu ya chuma ikagongana na ya kiti cha Rayhana, akaketi tena.

"Hao wanne," alisema baadaye, "na mimi ningekuwa mmoja wao."

Madam Mutindi aliandika kitu. "Rayhana, umefaulu," alisema. "Jumatatu, saa moja na nusu."

Rayhana alingojea furaha, haikuja. Kilichokuja ni hofu ileile, ila sasa ilikuwa na mahali pa kukaa. Jumatatu mama atakuwa wa nyama na damu. Watakaokuwepo watakuwa madaktari na manesi ambao hawamjui, hawatasogeza viti karibu naye, na mmoja wao siku moja atakuja na bomba limeshavutwa.

"Na mimi?" Mama Kimanzi aliuliza.

"Wewe hujaongoza bado," alisema Madam Mutindi. "Ilikuwa iwe kesho."

"Leo. Nikilala na hili, kesho siji."

Silvanus alienda kuwasha birika. Abby akajifunga tumbo tena, akinung'unika kwamba huu sasa ni uonevu, mimba ya tano kwa wiki moja. Mama Kimanzi alisimama kichwani mwa kitanda, miwani machoni, mikono ikiwa mitupu na haijui pa kukaa. Rayhana alipewa kazi ya dawa. Alifungua kisanduku, akatoa kila kilichokuwemo, akakipanga mezani maandishi yakitazama juu.

Maji mekundu yalianza. Mama Kimanzi alifungua mdomo na hakuna kilichotoka.

"Rayhana," alisema mwishowe. "Lete dawa."

"Dawa gani, Mama Kimanzi?"

"Oksitosini."

"Oksitosini. Yuniti ngapi?" Rayhana aliuliza, na hakuigusa mpaka aliposikia jibu.